Sauti ya Mama Kwenye Faili la Wizi

Wiki ya kumi na moja baada ya kumzika mama, nilimsikia akiongea kazini kwangu.

Sikuwa naota. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, hedifoni masikioni, na mama akasema, "Sasa anavua viatu. Anaviweka mlangoni. Kimoja kimeanguka, hakioni."

Sikulia. Hata kushtuka sikushtuka.

Nilisikiliza dakika nzima, kisha nikajaza fomu.

Nianze na kazi yenyewe ili tusipotezane. Niko kwenye kampuni inayoonyesha tamthilia na filamu kwa intaneti. Unalipia, unatazama. Kitengo changu ni cha kuzuia wizi. Watu wanarekodi vipindi vyetu na kuvimwaga bure mtandaoni, sisi tunawasaka.

Kila mteja, picha anayotazama ina alama ambayo jicho haliwezi kuiona. Kipindi kikivuja, tunasoma alama. Inatuambia kimetoka akaunti gani, kimerekodiwa siku gani. Tunafunga akaunti, tunashusha ukurasa, tunahamia kwa mwingine.

Wenzangu wananiita Kufuli. Sikuwahi kulikataa hilo jina.

Sasa siku hiyo kuna ukurasa ulikuwa umevujisha sehemu ishirini na saba za tamthilia yetu moja, ile ya dada wawili wanaogombea nyumba ya baba yao. Kila Jumatatu inaongezeka sehemu moja. Na katikati ya maneno ya waigizaji kulikuwa na sauti ya mwanamke anaeleza kila kinachoonekana. Nani amekaa. Nani amegeuza uso. Nani anadanganya.

Nikasoma alama.

Akaunti ya mama. Imerekodiwa siku tatu kabla hajalazwa.

Mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu aliyewahi kurudi benki kwa miguu kurudisha kalamu aliyoibeba kwa kusahau. Eti mwizi.

Kanuni yetu iko wazi. Ukikutana na ndugu yako kwenye orodha, unatoa taarifa na kumwachia mwenzako.

Mimi nilibonyeza FUNGA. Nikabonyeza SHUSHA. Nikaenda kunywa maji.

Usiniulize kwa nini. Tangu mazishi nilikuwa natembea kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima. Kompyuta ya mama nilikuwa nimeshaifuta yote wiki mbili baada ya kumzika, nikampa binamu yangu, bila kufungua hata faili moja. Shangazi zangu wakanisifu, "Umejikaza, mwanetu."

Sikuwa nimejikaza. Sikuwepo tu.

Wiki ikapita. Jumatatu iliyofuata, saa kumi kasoro, baba akanipigia simu kazini, jambo ambalo hafanyi.

"Mwanangu, mama yako leo hajaja."

Nikavua hedifoni.

"Baba, mama alifariki."

"Najua alifariki, nilikuwepo. Nakwambia hajaja. Kila Jumatatu saa tisa anakuja. Leo simu haijasema kitu."

Nikajua basi, mzee kichwa kimeanza kumruka. Nikaomba ruhusa, nikaenda.

Kwa kawaida nikienda kwa baba napiga simu kabla. Nakuta meza imeandaliwa, tunaongea nusu saa, naondoka. Siku hiyo nilitokea tu.

Akafungua mlango, akasema "karibu" huku uso umeelekea begani kwangu. Mapazia yalikuwa yamefungwa na sebule giza, mchana kweupe. Akapapasa ukuta mpaka jikoni. Akashika chupa, akazamisha ncha ya kidole ndani ya kikombe, akamimina chai mpaka ikamgusa kidole.

Nikasimama pale kama zoba.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Macho."

Akaweka chupa chini taratibu.

"Huu mwaka wa tatu. Mwanga nauona. Watu ni vivuli."

"Na hamkuniambia."

"Mama yako alitaka tukwambie. Mimi ndiye niliyekataa. Ungeacha mambo yako uje kunishika mkono. Na yeye alikuwa ananitosha."

Nikavuta kiti. Ndipo akanieleza yote.

Walikuwa wanatazama tamthilia pamoja, mama anamwambia kinachoendelea. Siku moja kwenye foleni ya kliniki ya macho, mama akawasimulia wagonjwa wengine sehemu ya jana. Wakanogewa. Mmoja akamwambia, "Mwalimu, turekodie." Mama akaiandikia kampuni mara mbili, akiomba waweke sauti ya maelezo kwa wasioona.

Hakujibiwa. Kampuni yenyewe ni yetu.

Akajifunza kurekodi. Akafungua ukurasa, akawapa watu wa kliniki. Alipoambiwa ugonjwa wake hauponi, akarekodi nyingi kwa mkupuo na kuzipanga zijitume zenyewe, moja kila Jumatatu.

"Aliniambia, 'Usiwe na wasiwasi, Jumatatu nitakuwa nakuja,'" baba akasema. "Sasa kuna mtu kaufunga ukurasa. Watu wa kliniki wamenipigia tangu saa tisa, na wao hawajui ni nani."

"Ni mimi, baba."

Akapapasa meza mpaka akakipata kikombe.

"Kabla ya kufunga, ulimsikiliza?"

"Nilimsikiliza."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya kawaida."

"Ndiyo," akasema. "Ya kawaida."

Akanisogezea kikombe.

Kesho yake nikaenda kwa msimamizi wetu, mama mmoja wa maneno machache, nikamwambia ukweli wote. Nilitegemea kufukuzwa na sikuwa na hofu yoyote.

Akafungua faili la ushahidi. Mtambo wetu ulikuwa umekusanya kila kilichokuwa kwenye ukurasa, hata vile ambavyo havijatoka. Sehemu thelathini na moja. Maana yake kulikuwa na nne ambazo baba hajawahi kuzisikia.

"Tutaurudisha ukurasa?" nikauliza.

"Hapana. Waliotengeneza tamthilia nao wanakula kwa jasho lao."

"Ninakili hizo nne tu?"

"Ukinakili, wewe ndiye utakuwa kwenye orodha yangu kesho." Akatazama skrini kidogo. "Ushahidi unakaa siku tisini, halafu unajifuta. Hautoki humu ndani. Ila sijaona kanuni inayokataza mtu kuja kuusikiliza."

Nikampa mkono wa shukrani. Akanipa barua ya onyo.

Hivyo kwa wiki nne, kila Jumatatu saa tisa, nilimshika baba mkono, tukapita mapokezi, tukapanda ngazi. Nilimkalisha kwenye kiti changu na kumvika hedifoni. Wenzangu walijifanya wana kazi nyingi.

Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, viganja magotini, kama mtu aliyeko mbele ya daktari. Mara moja alicheka. Sikumuuliza kwa nini.

Sehemu ya thelathini na moja ilipoisha hakuvua hedifoni. Nikamgusa bega.

"Zimeisha, baba."

"Tamthilia ina ngapi?"

"Arobaini."

"Kwa hiyo nyumba hatujui ameichukua nani."

Faili lilijifuta lenyewe siku ya tisini. Nilikuwepo mezani. Namba ikatoka thelathini na moja ikawa sifuri, mimi nikaendelea na faili jingine.

Sasa fikiria, kati yetu wote aliyebaki na la kufanya ni mimi, yule yule niliyeufunga ukurasa.

Nilitafuta namba za watu wa kliniki. Nikawaambia kila mmoja afungue tamthilia kwenye akaunti yake nyumbani, tubonyeze kwa pamoja, na mimi niwe kwenye simu ya kundi nikieleza. Hakuna kinachorekodiwa wala kunakiliwa, hakuna kanuni iliyovunjwa. Niliwauliza kabisa watu wetu wa sheria. Wakasema hawaoni kosa.

Jumatatu ya kwanza walikuwa kumi na wanne. Nilikuwa ovyo.

"Dada, usiseme 'amekasirika,'" fundi cherehani mmoja akanikatiza. "Tuambie uso umefanyaje. Hasira tutaiona wenyewe."

Nikajirekebisha.

Tulifika sehemu ya arobaini. Dada mkubwa anaingia kwenye chumba cha marehemu baba yao, hakuna anayeongea, ni picha tupu. Kazi yote ikawa yangu.

"Amekaa kitandani," nikasema. "Ameshika shuka. Analikunja. Anali..."

Sauti ikakatika. Zaidi ya miezi saba sijatoa chozi, likaja hapo, mbele ya watu kumi na wanne wasioniona.

Baba alikuwa pembeni yangu kwenye kochi. Hakunishika. Akasogelea simu na kuwaambia, "Mngojeni kidogo. Hata mama yake alikuwa analia hivihivi."

Wakangoja. Hakuna aliyekata simu.

Ndugu msomaji, bado nazuia wizi, na sioni aibu kwa hilo. Jasho la mtu lilindwe. Ila siku hizi sibonyezi kitu kabla sijasikiliza kina nini ndani, na ombi la mteja likija mezani kwangu nalijibu, hata kama jibu ni hapana.

Na kama umebakiwa na mzazi mmoja, nenda siku ambayo hajui unakuja.