Mkebe katika Chai ya Noah

Phyllis alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau. Pale Mashine, kitongoji kilicho ukingoni mwa mto Kipsonoi, kinachoitwa hivyo kwa sababu ya kinu cha zamani kilichosaga mahindi kwa nguvu za maji, wote walimjua kwa chapati zake. Wachache walijua kwamba alikuwa na neno na Noah, ndugu wa marehemu mumewe, na neno lenyewe lilikuwa halijamshuka kooni.

Mumewe, Kipngetich, alizikwa nyuma ya kinu. Phyllis alipokwenda Londiani kuuza viazi ili watoto wasome, Noah alipanda chai juu ya kaburi. Msalaba aliung'oa akaufanya kigingi cha kufungia ndama! Phyllis aliporudi na kuuliza, aliambiwa, "Kaburi gani, shemeji? Mimi sikumbuki." Akapeleka maneno kwa wazee wa kanisa, akapeleka kwa chifu. Kote Noah alisema hakumbuki, na kote aliaminiwa, maana ni mtu wa suti na salamu ndefu.

Basi Phyllis akangoja.

Siku hizi Noah amejifanya mwenyeji wa wageni. Jumamosi huja vikundi kutoka Kericho mjini, kuona kinu na kucheza ule mchezo wa kutafuta kwa simu: mtu anaficha kisanduku, anaweka mtandaoni mahali kilipo, na wengine wanafuata mshale mpaka wakipate. Noah alificha chake chini ya jiwe la kinu, na Phyllis, aliyeitwa kupika chai, alisimama nyuma yake akitazama kila alichobonyeza. Nani atamwogopa mpishi? Wiki iliyofuata naye akaficha wake, mkebe wa mafuta ya kupikia, akausajili kimyakimya.

Jumamosi hiyo Monicah, karani aliyeongoza kikundi, alipiga kelele hata chai haijaiva. "Guys, kuna mpya! Hakuna mtu ameipata bado!"

Kuwa wa kwanza ndiyo raha yenyewe. Wakatimua mbio, simu mkononi, mpaka katikati ya chai ya Noah, mwenyewe akiwafuata akilia, "Huko hakuna kitu! Mnaniharibia majani!" Phyllis akaipua sufuria, akajipangusa mikono, akawafuata kwa mwendo wa bibi harusi.

Mkebe ulikuwa chini ya mchai mmoja, na ndani yake mlikuwa na picha moja ya mazishi. Jeneza likishushwa, ukuta wa kinu nyuma, na Noah mbele kabisa na sepetu mkononi. Monicah aliitazama picha, akautazama ukuta, akamtazama Noah.

"Mzee, si huyu ni wewe?"

"Hiyo... hiyo ni ya kitambo."

"Hapo ni bwanangu anashushwa," Phyllis akasema, sauti ikiwafikia wote. "Mnamkanyaga. Si makosa yenu. Huyu ndiye alipanda chai juu yake, akasema hakumbuki."

Wageni wakarudi nyuma, wakitazama walipoweka miguu. Noah akamsogelea. "Shemeji, si ungeniambia tu nyumbani? Unaniaibisha mbele ya watu."

"Nilikuambia nyumbani. Sasa ng'oa."

Ilikuwa tamu, na Phyllis hakuona haya kuifurahia. Ila Noah alipokwenda kuchukua jembe, kichwa chini, moyo wa Phyllis ulianza kulainika. Huenda kweli alisahau, akawaza. Aking'oa michai miwili mitatu, nitampa chai kama wengine, yaishe.

Noah akarudi. Akawapita wageni, akaupita mchai uliokuwa na mkebe, bila kumuuliza mtu. Akasogea safu mbili mbele, akapima kwa jicho kutoka pembe ya ukuta, akasimama, akainua jembe.

Phyllis akaelewa. Yeye alikuwa amebahatisha tu mahali pa kuuweka mkebe. Bila msalaba angejuaje? Lakini Noah alijua kichwa kilipo na miguu ilipo, na miaka yote hiyo alisimama hapo akachuma, akauza, akala.

"Mama, tuwapatie watu chai?" Monicah akauliza kwa sauti ya chini.

"Wapatie wote," Phyllis akasema, bila kuondoa macho kwenye lile jembe. "Huyu kwangu hana kikombe."