Jumapili Tuliyopima Kilima cha Tunduma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sururu, si kalamu. Mkuu wa Kituo, mtu mfupi wa koti la kaki, alinionyesha duara la chokaa kwenye mlima juu ya Itumba akasema, "Chimba mpaka ukute mwamba. Udongo mgumu si mwamba." Wenzangu wawili walifika kwenye changarawe wakadai wamemaliza. Mimi nilichimba siku tano, mpaka sururu ikaruka na mkono ukafa ganzi. Mkuu akashuka shimoni, akagonga kwa nyundo, akasikiliza. "Huyu abaki," akasema. Hivyo ndivyo mtu wa darasa la nne alivyoingia kwenye kazi ya kusikiliza ardhi. Sikuletwa na barua ya mjomba.

Ninyi mnaotazama matetemeko kwenye simu, ngojeni niwaeleze. Kipimo cha wakati wetu kilikuwa uzito ulioning'inizwa kwenye springi, ndani ya sanduku lililofungwa juu ya mwamba. Ardhi ikitikisika, sanduku hutikisika nayo, ule uzito huchelewa. Tofauti hiyo ilipita kwenye waya hadi chumbani, ikasukuma sindano juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye pipa linalogeuka polepole. Kila asubuhi saa mbili kamili nilivua karatasi ya jana na kuvisha mpya. Sikuwahi kuchelewa, hata siku niliyomzika baba yangu.

Tetemeko hutuma mawimbi mawili. La kwanza lina mbio, la pili lina nguvu, na nafasi iliyo kati yao hukwambia limetoka mbali kiasi gani. Wasomi walipima kwa rula. Mimi nilipima kwa upana wa kucha, na Mkuu akirudia kwa rula anakuta kucha haijadanganya. Nikavumbua na la kwangu. Meza ya kioo yenye taa hatukuwa nayo, basi nilibandika karatasi mbili, moja juu ya nyingine, kwenye dirisha lenye jua. Mitetemo iliyotoka sehemu moja ya ardhi ililaliana sawasawa, kilima kwa kilima, bonde kwa bonde. Niliiita mapacha. Hakuna aliyenifundisha.

Kisha akaja Ezekia. Kwao Mbozi, wakulima wa kahawa, yeye amesomea jiofizikia, yaani elimu ya tumbo la dunia. Alikuwa mpole, shikamoo kwa kila mtu, na hilo lilinikera zaidi, maana mtu mwenye dharau angalau anakurahisishia kazi ya kumchukia. Siku ya tatu akanikuta dirishani.

"Kaka Kibona, hapo unafanya nini?"

"Natafuta mapacha."

Akatazama mpaka uji wake ukapoa. "Hili umelisoma wapi?"

"Dirishani."

Akacheka, akatoa daftari, akaandika. Nilivyoiona ile kalamu inavyokimbia nikajua nimetoa kitu ambacho hakitarudi.

Mwaka uliofuata Mkuu wa Utafiti alikuja kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na meli itakayotoka Mtwara kwenda kushusha vipimo kwenye sakafu ya bahari, na kituo chetu kilipewa nafasi moja. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka mke, na mke nilimtaka sana.

"Kibona abaki na Itumba," akasema Mkuu wa Utafiti. "Ezekia atafute mahali, afungue kituo cha pili. Nitarudi baada ya mavuno nitazame karatasi za kila mmoja. Mwenye kazi nzuri ndiye atakayepanda meli."

Ezekia akakipenda kilima kimoja pembeni mwa Tunduma, kwa kuwa mwamba wake uko wazi, hauhitaji sururu ya mtu kama mimi. Gari la ofisi lilikuwa huru Jumapili tu, basi tukaenda kukipima Jumapili. Watu walikuwa makanisani. Mashine za kusaga zimefungwa. Madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Zambia wamelala chini ya matela yao. Sindano ikachora mstari mwembamba kama uzi wa cherehani.

"Kaka, mwenye uzoefu ni wewe," Ezekia akaniambia. "Panafaa?"

Mimi nilikuwa na karatasi za miaka kabatini. Hata Itumba, ambako wakati ule mashine ya kusaga ilikuwa moja, mstari wa Jumapili ulikuwa mwembamba na wa Jumatatu umenenepa. Tunduma ya Jumatatu, na foleni ile ya malori, na mashine zile zilizopangana ukuta kwa ukuta, ingekuwa balaa. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

"Panafaa," nikasema.

Karatasi zake zilianza kuletwa kila wiki na kondakta wa Hiace, nyeusi kama masizi ya chungu. Ezekia hakulalamika. Mimi zangu nilizikunja safi kwenye sanduku, kama nguo za ubatizo.

Mavuno yakaisha, Mkuu wa Utafiti akarudi. Akapitia karatasi zangu haraka. "Safi," akasema. Akashika za Ezekia, na nikajiandaa kumwonea huruma. Lakini Ezekia akazipeleka dirishani. Alichukua tetemeko la Jumapili, lililochoreka vizuri, akalifanya kielelezo, akalitelezesha taratibu juu ya masizi ya Jumatatu mpaka likakutana na pacha wake aliyezikwa na malori. Akatoa moja. Akatoa la pili. Mkuu wa Utafiti akavua miwani, akasogea.

"Kibona," akasema baadaye, "kazi yako ni safi sana. Lakini chini ya bahari hakuna Jumapili. Mawimbi yanaisukuma ile sakafu bila kupumzika. Ninayemtaka ni mtu aliyezoea kelele."

"Lile dirisha ni langu, mkuu."

"Najua. Ameniambia mwenyewe, na ameliandika kwenye ripoti."

Hata lalamiko langu alikuwa ameshanitangulia kulisema.

Ezekia akaniandikia barua kutoka melini. Kipimo hufungwa kwenye chuma kizito, kikatupwa, kikazama, kikakaa huko miezi. Meli ikirudi hukiita kwa mlio, nacho huachia kile chuma na kuelea juu. Vingine, aliandika, haviitiki. Nilisoma nikaomba, Mungu anisamehe, kwamba vya kwake visiitike. Viliitika vyote.

Baada ya bahari akaenda ng'ambo, akapanda mpaka mwezini, yaani kwa karatasi. Watu waliofika huko zamani waliacha vipimo, na rekodi zake zimehifadhiwa. Mwezini hakuna upepo wala lori. Mwamba wake ni mkavu na umepasukapasuka, tetemeko moja huvuma karibu saa nzima kabla ya kufa. Yale ya ndani sana hurudi mahali palepale, mwezi hadi mwezi, dunia inapouvuta, nayo ni hafifu mno. Utayatambuaje? Kwa mapacha. Ndivyo Ezekia alivyopata udaktari kwa dirisha langu, nami nikivisha karatasi Itumba. Siku moja alikuwa akihojiwa redioni, nikaizima.

"Si Ezekia wetu huyo?" mke wangu akauliza.

"Ni Ezekia wao."

Nilipostaafu walinifanyia sherehe, naye akaja, kichwa kimekuwa cheupe. Akasimama mbele ya maofisa vijana. "Mzee Kibona alinipa kilima kigumu makusudi, ili nijifunze," akasema. "Mwalimu wa namna hiyo hamtampata tena." Wakapiga makofi. Mimi nina majivuno, sikatai, lakini nguo ya kuazima sivai. Chakula kilipoanza kugawiwa nikamvuta nje, karibu na tangi la maji.

"Ezekia, sikukufundisha kitu pale Tunduma. Nilikuonea wivu. Nilijua Jumatatu itakuwaje."

"Nilijua kwamba unajua. Jumatatu ileile, saa tatu asubuhi."

"Mbona hukuhamisha kituo?"

"Ningehama ungefurahi, kaka." Akang'ata paja la kuku. "Na wewe ulikuwa ukiona kwa jicho vitu ambavyo mimi nilihitaji hesabu za ukurasa mzima. Unadhani mimi wivu uliniacha nilale?"

"Na ile hotuba?"

"Nilitaka kuona kama utainyamazia."

Vijana, nasaha yangu ni fupi. Mahali pa kuweka kipimo papimwe siku za kazi. Na wivu, msidanganywe kwamba huisha mtu akizeeka. Wangu umestaafu pamoja nami, na unakula vizuri.

Alipoondoka aliniachia boksi la nakala za mwezini, zile ambazo kompyuta zake zilishindwa kuzipatia wenza. "Tazama ukipata nafasi," alisema. Nafasi ninayo. Nazibandika kwenye dirisha la sebuleni, kila asubuhi saa mbili. Wiki iliyopita nimempata pacha mmoja. Kompyuta haikumwona, Ezekia hakumwona. Nimemrudia mara nne, nimempima kwa kucha, analala sawasawa. Namba ya Ezekia ninayo, na simu ina chaji. Mke wangu ameshauliza mara mbili kama nimempigia. Nimemwambia mtandao unasumbua.