Leso ya Mzee wa Kanisa

Mzee wetu wa kanisa hakosi dhambi ya kutubu. Kila Jumapili husimama mbele, hutoa leso nyeupe mfukoni, huikunjua taratibu kama anayetandika meza, kisha sauti inashuka. Wiki hii alimkaripia mkewe. Wiki ile alisinzia kwenye maombi. "Mimi ni mtu dhaifu, ndugu zangu," husema, na akina mama hutikisa vichwa kwa huruma. Vidole vyake vinene, vyenye harufu ya dawa ya kuulia wadudu wa pamba isiyotoka kwa sabuni, hupangusa macho, la kulia kwanza.

Jumapili iliyopita, kabla hajaketi, Nyanjige alisimama. Ni mjane, ng'ombe wake wawili wa kulimia, aliowanunua mnadani Bariadi, walikufa baada ya kunywa maji ya lambo, na sasa analima kwa jembe la mkono. "Baba, nilikuona ukisuuza bomba la dawa mle lamboni. Hilo mbona hulitubu?" Mzee alimtazama kwa upole mkubwa. "Tumwombee huyu mayu, mama yetu," akasema. "Uchungu unamsumbua." Tukainamisha vichwa, tukaitikia amina. Akaikunja leso, akairudisha mfukoni, kavu kama ilivyotoka.