Del Hruska Atafuta Kufukuzwa

Kwa wacheza karata wa Reno, mji wa kamari kule Marekani, hakuna cheti kinachopita kufukuzwa. Kasino haimfukuzi mtu anayeshindwa. Huyo humpa chakula cha bure na kumwita kwa jina. Humfukuza anayejua. Ndiyo maana Delbert Hruska, mkaguzi wa lifti mwenye miaka hamsini na saba, alikuwa akiamka kila Jumamosi na kunyoa ndevu vizuri, akitumaini kwamba leo ndiyo siku ya kutupwa nje.

Alikuwa amemwambia mkewe, Noreen, kwamba anataka kuacha kazi aishi kwa kucheza ishirini na moja, ule mchezo wa karata ambao mchezaji hushindana na mgawaji, na anayeikaribia zaidi ishirini na moja bila kuipita ndiye anayeshinda. Noreen alikuwa anakata vitunguu, na hata hakusimamisha kisu.

"Sawa," alisema. "Siku kasino itakapokufukuza kwa ustadi wako, acha kazi. Sitasema neno."

"Kweli, mke wangu?"

"Ahadi ni deni."

Del aliona amepata bahati ya mtende. Maskini, hakujiuliza kwa nini mwanamke aliyebishana naye miaka mitatu juu ya rangi ya sebule amekubali jambo kubwa namna hiyo kabla kitunguu hakijaisha.

Akajifunza. Hesabu yenyewe haina uchawi: karata ndogo ikitoka unaongeza moja, kubwa ikitoka unapunguza moja. Hesabu ikipanda, maana yake kubwa ndizo zimebaki, na hapo ndipo mchezaji anapoongeza dau. Del alifanya mazoezi juu ya paa la lifti, akafanya kwa daktari wa meno akingoja zamu. Jioni Noreen alimgawia karata kwa kasi, redio ikipiga kelele na simu ikilia, na mzee hakukosea hata mara moja. Akanunua na miwani myeusi, wasije wakamtambua mapema mno.

Jumamosi ya kwanza alicheza saa sita nzima katika Nyumbu wa Fedha, kasino aliyoichagua kwa sababu maegesho yake ni ya bure. Hakuna aliyemfukuza. Jumamosi ya pili walimletea mayai na viazi. Ya tano, msimamizi wa meza, Luzviminda, mwanamke mfupi wa Kifilipino mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alimvalisha koti lenye picha ya nyumbu mgongoni. Ya tisa iliangukia siku yake ya kuzaliwa. Wagawaji karata walimwimbia, wakamkatia keki, na Del akaila kwa uchungu mwingi.

"Wananidharau," alimwambia Noreen.

"Keki ilikuwa ya nini?"

"Ya karoti."

"Basi hawakudharau."

Jumamosi ya kumi na moja uvumilivu ukamwishia. Saa nne asubuhi alimvuta msimamizi pembeni.

"Dada Luz, kwa nini hamnifukuzi?"

"Tukufukuze kwa kosa gani, kaka Del?"

"Mimi nahesabu karata!"

Luz akacheka mpaka akashika meza. "Tunajua tangu siku ya kwanza. Midomo yako inacheza. Na unahesabu vizuri, jamaa wetu wa kamera anasema hujakosea bado."

"Sasa je?"

"Sasa huongezi dau! Hesabu inapanda, wewe unaweka dola kumi. Inashuka, unaweka kumi. Kumi, kumi, kumi, utadhani unalipia maegesho. Mtu wa hivyo tumfukuze wa nini? Tungepata ishirini kama wewe!"

Del alirudi kitini masikio yakimwaka. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kicheko cha Luz kilikuwa bado kinamfuata. Lakini kilichomchoma hasa si hicho. Alikikumbuka kile kisu ambacho hakikusimama. Noreen ameishi naye miaka thelathini na moja. Alimwona akikataa cheo kwa kuwa kingempeleka Carson City, mwendo wa nusu saa. Alijua kabisa kwamba hakuna kasino duniani itakayomwogopa mume wake. Iliuma, jamani, iliuma kuliko kushindwa kokote.

Mgawaji akaanza kutoa karata. Mbili, nne, tano, tatu. Hesabu ikapanda, ikapanda tena, ikafika mahali Del alipokuwa hajawahi kuiona. Akavua miwani. Akasukuma mbele vibao vyote alivyokuwa navyo, vile vinavyotumika mezani badala ya pesa, jumla dola mia nane, kwa mikono miwili.

Alipata ishirini. Mgawaji akapata ishirini na moja.

Vibao vilikuwa bado vinazolewa Luz alipofika nyuma yake, na safari hii hakuwa anacheka.

"Kaka Del, mchezo wako umetuzidi. Mashine cheza, chakula karibu, lakini meza za ishirini na moja humu ndani, basi."

"Unanifukuza?"

"Nakufukuza."

"Lakini nimeshindwa!"

"Umeshindwa leo. Anayeweka vile kwa hesabu ile, mwisho wa mwaka atakuwa amekula mshahara wangu. Simama, kaka."

Del akamkumbatia. Kisha akapiga simu nyumbani na kumpa Luz. "Mwambie mke wangu wewe. Mimi hataniamini."

"Mama, mimi msimamizi wa Nyumbu wa Fedha. Tumemfukuza mumeo."

"Amemwaga kitu?"

"Hapana, mama. Tumemwogopa."

"Kwani ameshinda?"

"Ameshindwa. Aliweka vyote alivyokuwa navyo."

Luz akasikia upande wa pili mtu anapenga kamasi.

"Del? Del wangu huyu, aliweka vyote?"

"Kwa mikono miwili, mama."

"Mwambie aje nyumbani," alisema Noreen. "Barua ya kuacha kazi nitaiandika mimi. Akiandika yeye ataishia kuomba likizo."