Kigoda cha Nyanya Kwenye Tukutuku

Juzi nilirudi Ruiru baada ya miaka mingi ya kuzunguka, leo Nakuru, kesho Mombasa, kesho kutwa sijui wapi. Mume wa binti yangu alikuja kunipokea na pikipiki kuukuu aliyoifufua mwenyewe. Kiti chake kilikuwa kimeshushwa mpaka kikakaribia tairi.

"Mbona umekishusha hivi?" nikamuuliza.

"Ndiyo mtindo, mathe. Ikikaa chini inakaa poa. Panda, nishike kiuno twende."

Nilisimama pale na mkoba wangu nikacheka, na kicheko kikanipeleka mbali. Wewe uliyelelewa pande zetu miaka ya hamsini utanielewa.

Wakati huo mama alikuwa amelazwa Thika akingoja kujifungua. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na sasa daktari alimkataza hata kuinuka kitandani. Mimi niliachwa kijijini Gitothua kwa nyanya, mama yake mzazi. Niliteka maji, nikapuliza moto, nikachagua maharagwe ya kuchanganya na mahindi kwa githeri nikiwa nimekaa sakafuni, kwa sababu kigoda cha jikoni kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha nyanya. Kilikuwa cha mviringo, cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa. Ukikikalia uliambiwa, "Inuka hapo, wewe umezaa nani?"

Baba alikuwa karani kwenye shamba la kahawa upande wa Thika. Alikuwa akija kutuona na tukutuku, ndivyo tulivyoita pikipiki, nasi tulikuwa tukiisikia ikikohoa tangu ng'ambo ya mto. Siku moja alisimama nje ya mlango wa jikoni kama kawaida yake, akasema akiitazama mikaratusi, "Mwambie nyanya yako, mama yako anamwita. Hali chakula. Anasema hawezi kuzaa kabla ya kumwona."

Nyanya alikuwa hapo ndani, amesikia kila neno. Hata hivyo nilimwambia.

"Mwambie baba yako magoti yangu hayanifikishi hata barabarani penye basi."

"Mwambie nitambeba na tukutuku."

Nyanya akaacha kukoroga. "Mwambie sitamkumbatia mkwe wangu, wala sitakalia kiti chake."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mkwe na mama mkwe hawakusemezana ana kwa ana, hawakugusana wala hawakukaa kiti kimoja. Na kile kiti cha nyuma kilikuwa juu sana, bila kunyanyuliwa hangekifikia. Wa kumnyanyua alikuwa baba peke yake.

Baba akanichukua mpaka kwa fundi mmoja Mluhya, aliyekuwa na gereji karibu na stesheni ya Ruiru. Fundi aliposikia habari yenyewe aliweka nyundo chini.

"Mama mkwe kabisa? Aliyezaa bibi yako? Bwana, wangu akitokea njiani mimi naingia kwa mahindi!" Akaizunguka tukutuku. "Huyo mama hukalia nini nyumbani?"

"Kigoda," nikajibu mimi.

"Kilete."

Niliporudi kukichukua, nyanya alikipangusa kwa nguo yake, akanipa. Fundi akakikata miguu yote mitatu. Aling'oa kiti cha nyuma pamoja na springi zake, akakikaza kigoda kwa bolti juu kidogo tu ya tairi, akakitandika gunia lililojaa nyuzi za mkonge. Pembeni alichomelea vyuma viwili vya kushikia, na chini kibao cha kukanyagia.

"Sasa atapanda mwenyewe," akamwambia baba. "Na hajakalia kiti chako. Amekalia kigoda chake."

Siku ya safari nyanya alipitisha mkono chini ya gunia mpaka akaugusa ufa alioujua. "Ni chenyewe?"

"Ni chenyewe, cucu," nikamjibu nyanya.

Akakanyaga kibao, akapanda, akakaa upande. Mimi niliwekwa katikati yake na baba. "Wewe ndiwe ukuta," akaniambia. Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni, na pasi yake ya kutoka kijijini, ya siku moja tu, ilikuwa kifuani. Mikahawa ilikuwa imechanua, nyeupe pande zote mbili za barabara. Mbele yangu palinukia koti la baba na petroli, nyuma yangu ugoro wa nyanya.

"Mwambie apunguze!"

"Mwambie ashikilie!"

Nilipiga kelele huku na huku mpaka sauti ikakauka, na wao walikuwa wametenganishwa na upana wangu tu.

Mama alipomwona nyanya mlangoni, mwekundu kwa vumbi, alicheka mpaka nesi akaja. "Umekuja na nini?"

"Na kigoda changu."

Siku hiyo mama aliumaliza uji wote. Juma lile akazaliwa ndugu yangu, mzima, akikohoa kama tukutuku.

Kigoda hakikurudi jikoni. Nyanya alikalia debe miaka yake yote iliyobaki, na mgeni akiuliza alijibiwa, "Kimesafiri."

Gereji ile siioni tena. Mashamba ya kahawa ya Membley, hapo Ruiru, yamekuwa nyumba za mawe zenye mageti. Baba na nyanya walizikwa bila kupeana mkono hata siku moja, nami sijaona watu wawili waliojaliana kama wale.

"Mathe, unapanda ama?"

Nikapanda. Mikono yangu ikashuka yenyewe pembeni kutafuta vile vyuma viwili vya nyanya, haikukuta kitu.

"Kiuno, mathe! Utaanguka!"

Nikalishika koti lake kwa vidole viwili, tukaenda.