Mama Honi hasimami njiani

Jua limeshapanda. Mama Honi anazunguka lori lake, anapiga teke tairi moja baada ya jingine, anasonya. "Hili la nyuma linanitania," anasema, kisha anafuata pampu mwenyewe.

Amepakia unga, dawa na mitungi ya oksijeni ya hospitali iliyo karibu na mapigano. Adui mwenyewe yuko mbali na njia hii, ng'ambo ya milima, lakini makombora yake yanafika mpaka huku. Siku hizi yanawinda malori, maghala na madaraja, maana askari asiyeletewa chakula wala mafuta hapigani.

"Zamani tulikwenda kwa msafara, tunataniana njia nzima," anasema akiwasha injini. "Sasa malori mawili yakisogeleana tu, vile vindege visivyo na rubani vimeshawaona. Kwisha habari yenu."

Ndiyo maana madereva wana sheria moja: mwenzako akiharibikiwa, usisimame. Awe nani, awe nani.

Sasa jamani, mume wa Mama Honi ni dereva wa njia hiyohiyo. Mke akienda, mume anarudi. Wakipishana, mke hupiga honi mara tatu, mume hujibu, basi. Jina lake limetokana na hizo honi.

Leo walipaswa kupishana kabla ya daraja. Daraja limepitwa, mume haonekani. Mama Honi, aliyekuwa akiimba, sasa anaikodolea macho barabara.

Kwenye kona, lori la mumewe limesimama pembeni, boneti wazi. Miguu ya mtu imetokeza uvunguni, haitikisiki.

"Baba watoto!"

Mguu wa Mama Honi uko juu ya breki. Mara mwanamume anatambaa kutoka chini, kapakaa oili mpaka masikioni, anapunga mikono kama anayefukuza kuku.

"Pita! Pita, mama! Mkanda wa feni umekatika!"

Mama Honi anapunguza gia, anapapasa chini ya kiti, anatupa mkanda wa akiba dirishani. Honi mara tatu. Hasimami.

"Nilimwambia aubadilishe," anasema, machozi yakimchuruzika. "Mbishi huyo! Mbishi kama nini!"

Mwanamke huyu ana moyo, hilo halina ubishi. Hospitalini muuguzi anaukumbatia mtungi wa kwanza kama ndugu aliyepotea. Mama Honi anacheka naye, anasaidia kushusha, lakini masikio yako barabarani. Simu haziruhusiwi njia nzima, zinamwonyesha adui mlipo.

Wakati wa kurudi, anaikaribia ile kona akinyoosha shingo. Pembeni ni peupe. Hakuna lori, hakuna moshi. Kwenye tawi, usawa wa dirisha lake, umening'inizwa mkanda wa zamani uliokatika.

Mama Honi anaangua kicheko, anaupiga usukani makofi.

"Vita vikiisha," anasema, "tutayaegesha yote mawili hapahapa, bampa kwa bampa, tunywe chai mpaka ipoe. Atakayetaka kupita, apige honi yeye."