Nilimsitiri Neema Mpaka Akakosa Chuo

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na maelezo nitazunguka weee, mpaka mwisho nionekane mimi ndiye niliyeonewa.

Mimi ni mwanamke wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu hapa Johannesburg. Naishi mtaa wa Observatory, nafanya kazi kwenye chuo kimoja cha ufundi kule Braamfontein. Miaka michache nyuma chuo chetu kilipata ufadhili wa kuwasaidia wanafunzi wa familia za wahamiaji, hasa sisi tunaozungumza Kiswahili: Wakongo, Watanzania, Warundi. Watoto wetu walikuwa wanaingia wengi na kumaliza wachache. Chuo kikatafuta mtu wa kuongea na wazazi kwa lugha yao, nikapatikana mimi.

Kazi niliipenda, Mungu ni shahidi. Ufadhili ulilipa ada na walimu wa ziada, ukatupa na chumba cha kusomea chenye chai na mkate. Lakini roho ya mpango mzima ilikuwa orodha. Baada ya majaribio ya katikati ya muhula, mimi ndiye niliyeandika majina ya wanafunzi waliokuwa wanazama. Ukiandikwa, unapewa mwalimu wako mwenyewe mara tatu kwa wiki mpaka siku ya mtihani, na mzazi wako anaitwa kwenye kikao cha wazazi aelezwe hali. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya, na hiyo ndiyo niliyoiharibu.

Nina rafiki, au niseme nilikuwa naye. Ni Mama Neema, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani mwenye kibanda Jules Street, Malvern. Yeye Mkristo, mimi Muislamu, lakini hakuna Idi niliyovaa nguo isiyopita mkononi mwake. Binti yake Neema tangu mdogo alikuwa anafungua pasi za mama yake zikiungua na kuzifufua. Alipotaka kusomea umeme, mimi ndiye niliyempeleka hadi dirisha la usajili.

Mwaka wa kwanza alifaulu vizuri. Nikamwandika kwenye ripoti ya wafadhili, na kuandika najua. Wakampenda kabla hawajamwona. Picha yake, kofia ya kazi kichwani na bisibisi mkononi, ikatundikwa kwenye bango kubwa getini. Mama yake alikuja Braamfontein siku moja kuliangalia tu, akasimama pale mpaka mlinzi akamletea kiti.

Mwaka wa pili hesabu zikamshinda. Jaribio la katikati ya muhula alipata thelathini na moja kwa mia. Akaja ofisini kwangu na karatasi ameikunja mara nne.

"Eish, anti, hii hesabu inanimaliza," akaniambia. "Niandike kwenye ile orodha."

Sikilizeni vizuri hapo. Mtoto aliomba mwenyewe. Hakujificha, hakuona haya, alikuja kwa miguu yake kuniambia anazama.

Nami nikamjibu nini? Nikamwambia, "Wewe si wa orodha ile, mwanangu. Wiki mbili zijazo wageni wanakuja na wewe ndiye utakayeongea. Halafu mama yako aitwe kikaoni mbele ya kina mama wa kanisani kwake? Umwaibishe hivyo? Kaza kamba, utafaulu."

Aliangalia sakafu. Akasema, "Sharp, anti," yaani sawa, akatoka na karatasi yake. Ijumaa ile nikafunga orodha bila jina lake.

Mimi nimelelewa kwamba aibu ya mtu husitiriwa. Mtoto wa mwenzio akiteleza, unamfunika, huendi kumtangaza barazani. Ndivyo nilivyojiambia: namsitiri Neema, namsitiri na mama yake. Uongo mtupu. Niliyekuwa namsitiri ni mimi. Niliogopa wafadhili waje wamkute msichana wao wa bangoni yuko kwenye orodha ya wanaozama, waniulize niliandika nini kwenye ripoti.

Siku chache baadaye nilipita kibandani kuacha kitambaa changu cha Idi. Mama Neema akanipima, huku pini ziko mdomoni, akaniuliza, "Dada, mutoto anaendelea aje kule? Siku hizi hakuli muzuri."

"Anaendelea vizuri, Mama Neema. Ni uchovu tu wa masomo."

Akacheka kwa kushukuru. "Merci, dada. Miye Kiingereza sijue. Ni weye ndiyo macho yangu kule."

Yale maneno bado ninayo. Mtu anakuambia wewe ni macho yake, na wewe umeyafumba kwa makusudi.

Wageni walikuja. Neema akaongea, wakapiga makofi na picha. Ufadhili ukaongezewa muda na mimi nikaongezewa mkataba. Mtihani ukaja, Neema akafeli.

Hapo bado ningeweza kumwokoa, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Utaratibu wetu ulisema hivi: mwanafunzi aliyefeli akiwa kwenye orodha, anapewa nafasi nyingine. Aliyefeli bila kuwa kwenye orodha anahesabiwa kwamba alikataa msaada, na ufadhili wake unakatwa. Tulikaa watu watano mezani kuamua nani abaki na nani akatwe. Mwenyekiti akaniuliza mimi, maana Neema alikuwa mwanafunzi niliyemsimamia.

"Huyu alijua kwamba msaada upo?"

"Alijua," nikasema.

"Na hakuwa kwenye orodha?"

"Hakuwa."

Wakaandika kwamba alikataa msaada. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: aliomba, mimi ndiye niliyekataa. Sikuisema. Nikaangalia kikombe changu cha chai, wakaenda kwenye jina linalofuata. Jamani, mimi ni mtu wa namna gani?

Barua ilimfikia Mama Neema kwa Kiingereza, na binti yake ndiye aliyemsomea. Kesho yake alikuja kwangu Observatory, akakataa kukaa. Hakupaza sauti.

"Mutoto aliomba?"

"Aliomba."

"Na weye ukaniambia anaendelea muzuri."

Nilianza kusema habari za kumsitiri, akanyanyua mkono nikanyamaza. Aliondoka. Jioni yake nikaletewa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kitambaa changu cha Idi, hakijakatwa, na karatasi ya vipimo vyangu juu yake. Mpaka leo sijakipeleka kwa fundi mwingine.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda Jules Street. Neema anasuka nywele kwenye saluni mlango wa pili kutoka kwa mama yake. Vidole vilevile vilivyokuwa vinafufua pasi. Alikuwa ananiita anti. Siku hiyo aliniita madam.

"Madam, ile picha yangu iko getini bado," akasema, hakuacha kusuka. "Wateja wanaiona wakipita na basi. Wananiuliza niko mwaka wa ngapi, wanataka niwafungie taa. Naomba muitoe."

Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya mteja wake. Akasema, "Sawa, madam," akachukua uzi mwingine wa rasta. Sijui ile sawa ilikuwa ya nini.

Kesho yake nilikwenda kwa bosi wangu nikamweleza yote, tangu karatasi iliyokunjwa hadi kikombe cha chai. Nilitegemea anifukuze. Aliniambia nafasi ya Neema ilishachukuliwa na mambo yale yameshafungwa, tusiyafukue. Kuhusu bango, akasema halina shida, litatolewa. Kisha akaniuliza, "Una mwanafunzi mwingine wa kuweka?"

Nimewaandikia nyinyi kwa sababu kule ofisini hakuna aliyetaka kunisikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, lakini wakati mwingine anayeficha ni mwingine na anayekufa ni mwingine. Kama wewe ni mwalimu, au mlezi, au umekabidhiwa mtoto wa mwenzio, usimsitiri anayezama. Mtaje! Mzazi wake atalia siku moja, na aibu yake itaisha. Na akija mwenyewe kukuomba, usimwangalie usoni ukafikiria ripoti yako.

Muhula huu orodha iko kwangu tena. Nimeandika kila anayestahili, hata waliokuja kunilalamikia. Lakini kila ninapoanza karatasi mpya, mkono unaandika jina la Neema kwanza. Nalikata, naandika anayefuata.